Lenzi za Kuvaa na Kutupa: Aliyeko Pemba Aanze na Maji

Bomba likikauka siku mbili Chake Chake, mwenye miwani hana habari. Anafuta vioo kwa pindo la kanga na kuendelea na shughuli zake. Mwenye lenzi za mwezi ana kazi. Asubuhi anatakiwa anawe kwa sabuni kabla hajagusa jicho, usiku anawe tena kabla hajazivua, kisha azisugue na kuzilaza ndani ya kijaluba safi. Na maji yaliyobaki nyumbani ni ya ndoo, yanayochotwa kwa kata iliyopita mikononi mwa watu wote.

Wauzaji wa lenzi huanza na bei, na siku hizi wengine huanza na rangi. Mimi namshauri aliyeko Pemba aanze na mambo mawili ambayo muuzaji hamuulizi: maji ya nyumbani kwako yakoje, na ukiishiwa na lenzi utapata wapi nyingine. Kupimiwa lenzi na kupata za namba yako mara nyingi ni safari ya kuvuka bahari, kwa boti ya Mkoani au kwa ndege ya Chake. Ukiyajibu hayo mawili bila kujidanganya, uchaguzi uliobaki ni mdogo.

Lenzi laini za kutupa zinazouzwa sana ni za aina tatu. Kuna za siku moja: unavaa asubuhi, unatupa usiku, kesho unafungua nyingine. Kuna za wiki mbili, na kuna za mwezi; hizi zote mbili huvuliwa kila usiku, zikasafishwa na kulazwa kwenye maji yake. Za siku moja kwa kawaida huja 30 kwenye kisanduku, na kisanduku ni cha jicho moja. Za mwezi huja 3 au 6. Lenzi ya siku moja ni nyembamba na dhaifu zaidi kwa makusudi, haikutengenezwa kustahimili kusuguliwa. Anayeilaza usiku ili aivae tena kesho hajaokoa pesa, amegeuza kitu cha kutupa kuwa kitu cha kutunza bila kuwa na sifa ya kutunzika.

Kutupa huku kulikuja na sababu. Lenzi laini zenyewe zilianza mikononi mwa mkemia wa Chekoslovakia, Otto Wichterle, ambaye Krismasi ya mwaka 1961, nyumbani kwake Prague, alitengeneza nne za mwanzo kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Kwa miaka mingi baadaye mtu alivaa jozi moja mwaka mzima au zaidi, na lenzi ikazidi kujaa protini na mafuta ya machozi mpaka jicho likaikataa. Miaka ya 1980 ndipo zilipoingia sokoni za kuvaa na kutupa, na za siku moja zikafuata miaka ya 1990. Kilichouzwa hapo ni usafi: kabla uchafu haujaganda, lenzi iko kwenye pipa la taka.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia mifuko. Mwezi wa lenzi ya mwezi huanza siku unayoifungua. Hauhesabiwi kwa siku ulizoivaa. Ukiifungua leo, ukaivaa harusini, ukailaza kijalubani wiki tatu kisha ukaikumbuka siku ya mkutano, imebakiwa na wiki moja tu, na maji yaliyokaa nayo muda wote huo yalishachoka kuua vijidudu. Kwa hiyo jiulize utavaa siku ngapi kwa mwezi kwa kweli, si kwa ndoto. Mwalimu wa skuli anayependa miwani kazini na kuvaa lenzi Ijumaa na Jumamosi peke yake ana siku kama 8 kwa mwezi. Kisanduku cha 30 kwa kila jicho kitamfikisha karibu miezi minne. Angechukua za mwezi, kwa muda huohuo angefungua jozi nne, na juu yake chupa za maji ya lenzi na kijaluba kipya. Anayevaa kila siku, tangu asubuhi hadi isha, hesabu yake inageuka: jozi 30 za siku moja kila mwezi ni gharama nzito kuliko jozi moja ya mwezi pamoja na dawa yake. Njia ya kujua ni hii. Gawa bei ya kisanduku cha siku moja kwa 30, zidisha mara mbili kwa macho mawili, kisha zidisha kwa siku utakazovaa. Linganisha na bei ya jozi moja ya mwezi ukijumlisha maji ya mwezi huo. Muuzaji asipokupa bei ya maji ya lenzi, hesabu yake haijakamilika.

Hata anayevaa kila siku, kama kwao maji ni ya kubahatisha, namwambia apunguze siku za kuvaa na achukue za siku moja. Lenzi haitakiwi kuguswa na maji ya aina yoyote ila maji yake. Si ya bomba, si ya kisima, si ya mvua, si ya chupa ya dukani, si yaliyochemshwa yakapoa. Kwenye maji matamu, ya chumvi na hata kwenye udongo huishi kidudu kiitwacho akantamiba, ambacho hujifungia ndani ya gamba gumu linalostahimili klorini. Kikipata lenzi hukaa juu yake, na lenzi hukilaza kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, saa baada ya saa. Maumivu yake ni makali na tiba yake huchukua miezi. Maji ya Zamzam ni ya kunywa kwa nia njema, hayasafishi lenzi. Maji ya waridi, asali na maziwa ya mama, ambayo wazee wetu huyadondosha kwenye jicho linalouma, vilevile hayana nafasi hapa. Mate ndiyo mabaya kupita yote, na ndiyo yanayotumika sana, kwa sababu mdomo uko karibu.

Nina neno pia juu ya chupa ya dripu. Wapo wanaonunua maji ya chumvi ya hospitali wakalaza lenzi humo, kwa kuwa ni rahisi kupatikana kuliko maji ya lenzi. Maji ya chumvi huisuuza lenzi; hayaui kitu. Chupa ikishafunguliwa na kukaa kabatini, yenyewe huwa bustani ya vijidudu. Maji halisi ya lenzi yana dawa ndani yake, na dawa hiyo hutumika ikaisha. Kwa hiyo kila asubuhi ukishavaa, mwaga yote yaliyomo kijalubani, usuuze kijaluba kwa maji ya lenzi, ukifute kwa karatasi laini safi, ukiache kifudifudi kikauke. Jioni tia mapya. Kuongezea mapya juu ya yaliyobaki ni kosa linalofanywa hata na watu waliosoma. Lenzi isuguliwe kiganjani kwa kidole kabla ya kulazwa, hata kama chupa imeandikwa haihitaji kusuguliwa. Mwaka 2006 na 2007 kampuni mbili kubwa ziliondoa duniani kote aina za maji ya lenzi zilizohusishwa na milipuko ya maambukizi ya konea, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakali zaidi juu ya kusugua. Kijaluba kitupwe kila miezi mitatu. Ukiusoma mlolongo huu ukajikuta umechoka kabla hujaanza, umeshajua kwamba za mwezi si zako.

Udhu hauna haja ya kukutisha. Ndani ya jicho hakuoshwi, kwa hiyo lenzi haizuii maji kufika yanapotakiwa. La kujizoesha ni kufumba macho barabara unapoosha uso, na kuyafuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuyafumbua. Mwenye kuoga kwa kata anaweza kufanya vivyo hivyo, ila salama zaidi ni kuoga kwanza ndipo uvae. Baharini ni habari nyingine. Anayekwenda kisiwa cha Misali kuogelea aziache lenzi nyumbani. Akiwa hana budi, avae za siku moja chini ya miwani ya kuzamia isiyopitisha maji, na akitoka majini tu azivue azitupe. Mwenye za mwezi hawezi kufanya hivyo bila kujitia hasara, na hasara hiyo ndiyo inayomshawishi azibakishe machoni.

Msimu wa karafuu una sheria zake. Aliyeshinda juu ya jamvi akichambua karafuu na makonyo, vidole vyake hubaki na mafuta yasiyotoka kwa kunawa mara moja. Ukivinusa usiku bado vinanukia. Mafuta hayo yakigusa lenzi, lenzi huyanywa. Utaivua, utalia, utaisuuza, utaivaa tena, nayo itachoma vilevile, kwa sababu mafuta yameingia ndani ya mwili wake. Hapo dawa ni kuitupa. Pilipili ni hivyo hivyo, na ganda la ndimu. Kwa hiyo mikono isuguliwe kwa sabuni isiyo na manukato mengi wala mafuta ya kulainisha, hadi chini ya kucha, isuuzwe vizuri na ikaushwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Maji ya ndoo yakitumika, mtu mwingine amimine kwa birika, mikono isizamishwe humo. Siku za kuchuma na kuanika, vumbi likiwa jingi, miwani inafaa zaidi kuliko lenzi ya aina yoyote. Wanaofanya kazi kwenye moshi wa jikoni nao ni hivyo. Anayejifukiza udi avae lenzi baada ya moshi kutulia.

Lenzi huvaliwa kabla ya wanja na huvuliwa kabla ya kuosha uso. Wanja usiingie ndani ya ukingo wa kope. Mafuta ya nazi ya kichwani yapakwe baadaye, na mikono inawiwe tena.

Mtaalamu atakutajia pia mali ghafi. Lenzi za haidrojeli ya kawaida hutegemea maji yaliyomo ndani yake kupitisha oksijeni hadi kwenye konea, ambayo haina mishipa ya damu na hupumua hewa moja kwa moja. Za silikoni haidrojeli, zilizoingia sokoni mwaka 1999, hupitisha oksijeni mara kadhaa zaidi. Kwa anayevaa tangu alfajiri hadi usiku, hizi za silikoni zina faida ya wazi. Kwa anayevaa saa nne tano za sherehe, haidrojeli ya kawaida inamtosha, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Zina ila yake hizi za silikoni: hushika mafuta kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ukiwa mtu wa singo na mafuta ya uso, utaona ukungu kwenye lenzi mapema. Kwa za siku moja jambo hilo halina uzito sana, kwa kuwa usiku inatupwa.

Cheti cha miwani hakitoshi kununulia lenzi. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, lenzi hukaa juu yake, na kuanzia namba 4.00 tofauti hiyo huonekana: mwenye miwani ya -5.00 kwa kawaida hupewa lenzi ya -4.75, na wa -6.00 hupewa karibu -5.50. Halafu kuna mzingo na upana. Kwenye kisanduku mzingo huandikwa kwa herufi BC, mara nyingi kati ya 8.4 na 8.8, na upana huandikwa DIA, karibu 14. Lenzi iliyobana hukwama, iliyolegea huogelea kila unapopepesa. Mtu mwingine mwenye namba kama yako anaweza kufaa kwa lenzi ambayo wewe utailaani. Ndiyo maana safari ya kwanza ya Unguja au Dar es Salaam isiwe ya kununua. Iwe ya kupimwa, kufundishwa kuvaa na kuvua mpaka uweze bila kushikwa mkono, na kupewa jozi ya majaribio ukae nayo hata saa chache kabla ya kupanda boti ya kurudi.

Mwenye astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawa pande zote, atahitaji lenzi za toriki, ambazo zina uzito upande wa chini ili zisizunguke. Kwenye kisanduku chake kutakuwa na CYL na AX pia. Hizi ni adimu zaidi madukani, mara nyingi huagizwa, na zile za siku moja hazina namba zote. Ukiwa na astigmatizimu ndogo, muulize mpimaji kama lenzi ya kawaida itakutosha kwa siku chache za wiki. Aliyepita miaka 40 na kuanza kusogeza msahafu mbali ili asome ana njia mbili: lenzi zenye namba zaidi ya moja, ambazo ni ghali na hazimpendezi kila mtu, au lenzi za kuonea mbali pamoja na miwani ya kusomea ya bei nafuu mfukoni. Mimi ningechukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Wapo wasiofaa kuvaa lenzi kwa sasa. Kijana anayewashwa macho kila mara na kuyafikicha atibiwe mzio kwanza. Kufikicha kwa miaka huweza hata kuichongoa konea, na konea iliyochongoka mara nyingi huhitaji lenzi ngumu za aina nyingine kabisa. Mvuvi mwenye kinyama kilichoota pembeni mwa jicho kwa jua na upepo, lenzi laini huenda isimkalie.

Nimebakiza bibi harusi. Lenzi za rangi za kijivu au asali zimekuwa sehemu ya mapambo kama hina na piko, na mara nyingi huuzwa pamoja na vipodozi, bila kupimwa, bila tarehe ya kuisha, na bila kusema ni za siku moja, mwezi au mwaka. Mpambaji mwingine ana jozi yake, anaivisha kwa bibi harusi wa Wete wiki hii na wa Mkoani wiki ijayo. Biharusi usikubali. "Shoga, nimekuja na zangu" ni jibu tosha, na mpambaji mwenye adabu halichukii. Zipo lenzi za rangi za siku moja zinazotengenezwa na kampuni za kueleweka, zenye namba na zisizo na namba. Nunua zako, zikiwa kwenye vikopo vilivyofungwa, na uzijaribu wiki kabla, si asubuhi ya nikahi. Ukiivaa ikakuchonyota, angalia kwanza kama haijageuka ndani nje: iweke kwenye ncha ya kidole cha shahada, iinue usawa wa macho na uitazame kwa ubavu. Kingo zikisimama kama za bakuli iko sawa. Zikilala nje kama za sahani, imepinduka.

Akiba ipangwe kwa kalenda ya bahari. Nunua za miezi mitatu au zaidi kwa mpigo, lakini soma tarehe ya kuisha kwenye kila kisanduku, maana duka hupunguza bei ya kilichokaribia kuisha. Visanduku vikae chumbani kwenye kivuli, visikae juu ya kabati chini ya bati wala kwenye dirisha la gari. Friji haina ulazima. Na miwani ya namba yako iwepo siku zote, hata kama umenunua lenzi za mwaka mzima. Asiye na miwani ya akiba ndiye anayelazimika kuvaa lenzi jicho likiwa jekundu.

La mwisho ni usingizi. Utafiti wa New England uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta vidonda vya konea kwa watu kama 4 katika kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa wanaovua lenzi laini usiku, na karibu 21 kwa wanaolala nazo. Lenzi za silikoni hazikuiondoa hatari hiyo. Tafiti za London na Australia za mwaka 2008 nazo zilionyesha kwamba za siku moja hazimkingi mtu na maambukizi, ingawa London waliona kwamba wanaozivaa hupungukiwa na uwezo wa kuona mara chache zaidi wakiambukizwa. Usingizi wa mchana baada ya adhuhuri unahesabiwa, na wa kwenye boti pia. Mwezi wa Ramadhani, siku inapoanzia daku na kuishia tarawehe, vaa lenzi baada ya alasiri.

Jicho likiwa jekundu, likauma, likachukia mwanga au kuona ukungu, vua lenzi zote mbili saa ileile na usivae nyingine. Usinunue dawa ya matone ya kubahatisha dukani, hasa zenye steroidi, ambazo hutuliza wekundu huku kidonda kikichimba. Lisipotulia ndani ya saa chache, nenda hospitali siku hiyohiyo, Chake, Wete au Mkoani, na uwaambie mapema kwamba unavaa lenzi ili wajue wanatafuta nini na kama upelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Lenzi uliyoivua usiitupe. Itie kijalubani mwake pamoja na maji yake, chukua na chupa, uende navyo. Daktari anaweza kuvitaka kwa uchunguzi wa maabara.